Mdai na Mdaiwa: Lugha ya Kufundishia Biashara na Kompyuta katika Shule za Sekondari

Mtu atakaye kujua hali ya lugha katika shule zetu za sekondari aghalabu huenda kusikiliza somo la fizikia au la baiolojia, kisha hurudi na malalamiko yale yale tuliyokwisha kuyazoea. Ni wachache waendao kusikiliza somo la utunzaji wa hesabu za biashara, na wachache zaidi waendao kusikiliza somo la kompyuta. Jambo hili ni la ajabu. Ikiwa iko elimu ambayo watu wa pwani wamekuwa nayo kwa Kiswahili tangu zamani, kabla ya ubao na chaki kufika, ni elimu ya kununua na kuuza, ya kukopa na kulipa, ya kupakia na kupakua. Tungetazamia basi kwamba hapo ndipo lugha yetu ingeingia darasani bila ya kubisha hodi. Sivyo ilivyo.

Makala haya yahakiki mambo mawili: lugha ya vitabu vya shule vifundishavyo masomo hayo, na lugha ya orodha za istilahi ambazo sisi wenyewe, watu wa taasisi na mabaraza, tumezitunga ili kuisaidia shule. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji asichoke kuingoja. Vitabu vya shule vimekosea kwa kudhani kuwa mwanafunzi haji na kitu cho chote darasani. Nasi tumekosea kwa kudhani kuwa anachohitaji ni majina tu.

Kwanza niseme machache juu ya masomo yenyewe, nayo nitayasema kwa upande wa Tanzania niijuayo. Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, katika miaka ya 1970 shule za sekondari ziligawanywa katika michepuo: kilimo, ufundi, sayansi kimu na biashara. Mwanafunzi wa mchepuo wa biashara alijifunza kutunza hesabu, na mwenziwe wa kilimo hakujifunza. Mitaala iliyoboreshwa ya mwaka 2023 imelifanya somo la biashara kuwa la lazima kwa wanafunzi wa sekondari wa mkondo wa elimu ya jumla. Kompyuta imebaki kuwa somo la kuchagua. Tume ya Rais ya Elimu ya mwaka 1982 ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kuwa lugha ya kufundishia sekondari tangu mwaka 1985, lakini pendekezo hilo halikukubaliwa, na hata leo masomo mengi, biashara na kompyuta yakiwamo, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo jambo lililokuwa la watoto wachache wa mchepuo mmoja sasa ni la watoto wote wa mkondo ule, na lugha ni ile ile.

Nilipata ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa la kidato cha pili wakati wa somo la hesabu za biashara. Mwalimu alikuwa mtu makini, na wanafunzi walikuwa watulivu. Wote kwa pamoja waliikariri kanuni ya Kiingereza isemayo kwamba mpokeaji aandikwe upande wa debiti na mtoaji upande wa krediti. Waliikariri vizuri, kama watoto wa chuoni wakariripo juzuu. Kisha mwalimu akauliza: mwenye duka amenunua meza kwa fedha taslimu, tuandike nini upande gani? Mikono ikapungua. Kijana mmoja akajibu kwamba fedha ziandikwe debiti, kwa sababu zimepungua, na kupungua ni kubaya. Mwingine akasema krediti ni mkopo, na hapa hapakuwa na mkopo, basi hapana krediti. Makosa haya mawili si ya kijinga. Kila mmoja alikuwa akitafuta maana ndani ya neno lisilokuwa na maana kwake. Na asiyeipata maana hushika lililo karibu.

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama maneno yenyewe. Utunzaji wa hesabu wa pande mbili ulienea katika miji ya biashara ya Italia, na mtu aliyeuweka kwanza katika kitabu cha chapa ni mtawa Luca Pacioli, katika kitabu chake cha hisabati kilichotolewa Venice mwaka 1494. Yatufaa kukumbuka kwamba hakukiandika kwa Kilatini, lugha ya wanazuoni wa siku zile, bali kwa lugha ya Kiitalia iliyosikika sokoni. Na upande wa kushoto haukuwa na jina la kitaalamu hata kidogo. Uliandikwa kwa kitendo: fulani apaswa kutoa. Upande wa kulia nao uliandikwa: fulani apaswa kupata. Yaani kila mstari wa daftari ulikuwa sentensi kamili, yenye mtu na kitendo chake. Baadaye sentensi hiyo ikageuzwa jina, jina likasafiri mpaka Uingereza, na kutoka huko likaja kwetu likiwa limekauka.

Sasa tuitazame lugha yetu. Apaswaye kutoa, Kiswahili humwita mdaiwa. Apaswaye kupata humwita mdai. Mzizi ni mmoja, na tofauti yote imebebwa na kiambishi cha kutendwa. Tukiirudisha kanuni ile ya darasani katika maneno haya, husomeka hivi: apokeaye anadaiwa, atoaye anadai. Hiyo haihitaji kukaririwa. Mtoto aliyetumwa dukani kwa jirani na kurudi na kilo ya sukari bila ya kulipa aijua kanuni hiyo tangu ana miaka sita.

Wala si mzizi huo peke yake. Kiingereza kina neno moja la kukopa na neno jingine kabisa la kukopesha, wala sikio halisikii udugu wo wote kati yao. Kiswahili kina kopa na kopesha. Tendo moja latazamwa kutoka pande mbili, na ndiyo asili hasa ya hesabu ya pande mbili. Vivyo hivyo uza, uzia, uziwa, uzana. Lipa, lipia, lipwa, lipisha, lipana. Wazee walikuwa na wia na wiwa: mwia ndiye mwenye haki ya kudai, na mwiwa ndiye mwenye kudaiwa. Siku hizi kuwiwa kumebaki katika hotuba za shukrani tu, msemaji asemapo kwamba anawiwa kuwashukuru wenyeji wake, na pengine hajui kwamba ametumia neno la daftari. Walimu wetu wa sarufi hufundisha mnyambuliko wa vitenzi katika kipindi cha Kiswahili, kengele hulia, na mwalimu wa biashara huingia kufundisha mnyambuliko ule ule kwa lugha isiyokuwa nao.

Hata hivyo sipendi kutia chumvi. Kiswahili cha deni kina utata wake. Mtu asemapo kwamba ana deni, twafahamu kuwa anadaiwa. Lakini asemapo kwamba anakwenda kufuata deni lake, twafahamu kuwa anadai. Neno azima nalo kwa wasemaji wengi hutumika kwa mwenye kutoa na kwa mwenye kupokea, na ni maneno ya jirani yanayotuambia ni yupi. Mhasibu hawezi kuvumilia hayo. Kwa hiyo si kweli kwamba lugha ya mtaani yaweza kuchukuliwa nzima nzima na kutiwa kitabuni. Yapasa ichaguliwe, na kuchagua ndiyo kazi yetu.

Tena iko kanuni ngumu zaidi, nayo ni ile ya kwamba biashara ni nafsi mbali na mwenye biashara. Watoto huona taabu kubwa hapa, maana duka la baba ni la baba. Katika sentensi ya Kiswahili, kiambishi cha nafsi chaweza kufundisha jambo hili kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Hatusemi nimepokea wala amepokea. Twasema imepokea, maana ni akaunti iliyopokea. Akaunti ya fedha inadaiwa. Akaunti ya mtaji inadai, na inaidai biashara, kwa kuwa mwenye mali aliitoa mali yake akaitia humo. Kiambishi i- kimemtoa baba katika daftari bila ya kumtoa dukani.

Niliyashuhudia haya yakifanya kazi katika darasa lile lile, ingawa si kwa hekima yangu. Baada ya kipindi mwalimu aliniruhusu nizungumze na wanafunzi kwa Kiswahili, nami nikawauliza habari za wakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu. Hapa yafaa kueleza kidogo. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, nyingine zikafuata, na kwa jinsi hiyo biashara na kompyuta zilikutana mkononi mwa mtu wa kawaida kabla hazijakutana katika ratiba ya shule. Na zilikutana kwa Kiswahili. Kuweka, kutoa, salio, muamala, makato, wakala, namba ya siri: maneno haya hayakuja na kitabu, wala hakuna mtahini aliyeyatahini, lakini bibi wa kijijini asiyejua kusoma huyatumia bila ya kukosea, maana akikosea hupoteza fedha.

Wakala ana mali za namna mbili: fedha taslimu katika kisanduku, na fedha zilizo ndani ya simu, ambazo mawakala wenyewe huziita floti. Nikauliza: mteja akija kuweka shilingi 10,000, kwa wakala kimeongezeka nini na kimepungua nini? Binti mmoja, ambaye mama yake ni wakala, akajibu mara moja kwamba kisanduku kimepokea 10,000 na floti imetoa 10,000, na jumla ya mali ya mama haikubadilika ila kwa kamisheni. Nikauliza: nani anadaiwa? Akafikiri kidogo, akasema kisanduku kinadaiwa, kwa sababu jioni mama atakiuliza. Sijapata kusikia maelezo bora ya upande wa kushoto wa daftari. Na mtoto huyu, katika zoezi la wiki ile, alikuwa amepata alama mbili katika kumi.

Mtu atauliza: ikiwa maneno yapo, orodha zetu za istilahi zimefanya kazi gani miaka yote hii? Zimefanya kazi, wala si haba. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 na limesanifu maelfu ya maneno. Taasisi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zimechapa kamusi za fani mbalimbali. Mimi mwenyewe nimeshiriki katika vikao vya namna hiyo, na lawama nitakayoitoa naibeba pamoja na wenzangu. Njia yetu ilikuwa hii: kuchukua orodha ya majina ya Kiingereza, kuyapanga kwa alfabeti, na kutafuta jina la Kiswahili mkabala wa kila moja. Aliyefungua orodha alikuta majina. Hakukuta hata sentensi moja ya kumwonyesha mwalimu namna ya kusema.

Katika biashara njia hii ilitupotezea historia ya maneno. Kiswahili cha biashara kina tabaka nyingi: daftari, hesabu, bei, faida, hasara, rehani, dhamana na stakabadhi kutoka Uarabuni na Uajemi; bima, hundi na laki kutoka Bara Hindi. Hundi kwa wafanya biashara wa zamani ilikuwa waraka wa ahadi ya malipo, uliovuka bahari na kupita mikononi mwa watu wengi. Leo hundi ni waraka wa benki tu. Orodha ikaliandika neno mkabala wa maana mpya, ikanyamaza juu ya ile ya kale, na mwanafunzi asomaye somo la malipo ya kimataifa huambiwa kwamba Kiswahili hakina neno la waraka wa namna ile. Rasilmali, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu ni kichwa cha mali, ilikuwa fedha ya kuanzia biashara. Sasa imekwenda kwenye madini na misitu, na hata kwa watumishi wa ofisini, ikamwachia mtaji nafasi yake. Mtaji ni neno zuri. Mchezaji wa bao naye huwa na mtaji: ni ule mchezo wa kete zake umwezeshao kula kete za mwenziwe, na asiye na mtaji hubaki kutakata. Sijaona kitabu cha shule kilichomkumbusha mtoto jambo hili, ingawa lingemweleza kwamba mtaji si fedha iliyolala, bali ni mali iliyokaa mahali pa kuleta mali nyingine.

Tena maneno ya biashara hubeba hukumu ya jamii, na hilo orodha haliwezi kulisema. Bepari, neno la asili ya Kihindi, maana yake ilikuwa mfanya biashara, basi. Baada ya mwaka 1967 likawa jina la mnyonyaji, na hapana mtoto wa Tanzania leo alisikiaye vinginevyo. Mlanguzi alikuwa mtu wa kuuza kwa bei ya juu mno. Katika kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi akawa mhalifu. Upepo ulipogeuka, serikali na wafadhili walipotaka watu wafanye biashara, ilibidi lipatikane neno lisilo na doa, likapatikana mjasiriamali. Limeundwa vizuri kwa jasiri na mali. Lakini tuutazame mwendo wake. Vitabu vya shule humweleza mjasiriamali kuwa mtu mwenye kubuni jambo jipya na kuthubutu kuhatarisha mali yake. Mtaani mjasiriamali ni mama aliyekopeshwa na kikundi ili auze sabuni na batiki; mwenye viwanda na malori huitwa mfanya biashara, wala hakuna amwitaye mjasiriamali isipokuwa katika hotuba. Kwa hiyo mtoto asomapo kwamba wajasiriamali ndio wajenzi wa uchumi huwafikiria akina mama wa vikundi, akashangaa. Mwalimu asiyeujua mgongano huu hufundisha neno moja na kusikiwa jingine.

Nije kwenye kompyuta, ambako mambo ni mapya zaidi na makosa yetu yameonekana upesi. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya matatizo katika hesabu zizo hizo. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa na kuachwa. Nalitaja jambo hili kwa sababu laeleza jinsi kizazi kizima cha wataalamu wa lugha kilivyotunga maneno ya mashine ambayo wengi wao hawakuigusa. Jina la mashine yenyewe lilipata mapendekezo mengi. Wako waliotaka ngamizi. Wenzetu wa Kenya walikubali tarakilishi, iliyounganishwa kwa vipande vya tarakimu na akili, na wanafunzi wao huliandika katika insha. Mimi nina shaka na maneno ya uhulutishaji wa namna hii, ambamo maneno hukatwa na vipande vyake kushonwa pamoja. Kiswahili kimezoea kujenga neno kwa kuambisha au kwa kuambatanisha maneno mazima. Mtu akisikia kicharazio, hata kama hajakiona, ajua kuwa ni kitu cha kuchezesha vidole juu yake upesi upesi, kama apigaye kinanda. Akisikia tarakilishi, hasikii kitu mpaka aelezwe. Tanzania imekaa na kompyuta, nami sioni hasara.

Yaliyofaulu ni yale yaliyotoka katika vitenzi vilivyo hai, na mengi, jambo la kufurahisha, yalitoka baharini. Pakia na pakua ni kazi ya hamali na jahazi, na pakua pia ni kazi ya mama mbele ya chungu; hapana mtoto apatae taabu kuelewa kwamba faili lapakuliwa kutoka mahali pengine kuja kwake. Kuvinjari ni kuzunguka ukitazama, majini au nchi kavu. Kivinjari kikafuata bila ya taabu. Mtandao ulikwisha kuwa na maana ya kitu kilichotandazwa. Kipanya, kinyume chake, ni tafsiri ya utani wa Kizungu, na kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam jina hilo lilikwisha kuchukuliwa na basi dogo la abiria. Lakini limekubaliwa, wala sipigani nalo. Nywila ndiyo inayonitatiza zaidi, kwa maana haimwonyeshi mwanafunzi mzizi wo wote, ilhali namba ya siri yajulikana nchi nzima.

Kikokotoo kinanifundisha unyenyekevu. Neno hili lilikuwa katika orodha zetu miaka mingi, na hakuna aliyelitumia nje ya vikao. Mwaka 2018 yalipotokea mabishano nchini Tanzania juu ya namna ya kukokotoa mafao ya wastaafu, kila mtumishi, walimu wakiwa mstari wa mbele, alilisema kikokotoo asubuhi na jioni. Neno likaenea kwa sababu lilikuwa na fedha za watu ndani yake. Tulilolishindwa kwa kamusi, pensheni ililiweza.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, zilizoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima. Naitaja hapa kwa kuwa watafsiri wake walikutana na jambo ambalo orodha ya majina huliepuka. Katika Kiingereza neno moja laweza kuwa jina na pia kitenzi, na kitufe chenye neno hilo hakisemi ni nani amwambiaye nani. Kiswahili hukulazimisha useme. Chapa ni amri ya mtu kwa mashine. Uchapaji ni jina la kazi. Chapisha ni jambo jingine tena. Mashine inapomuuliza mtu kama ana hakika ya kufuta, hapo mashine ndiyo msemaji. Mwanafunzi asomaye vitufe kwa Kiswahili ajua wakati wote ni nani mwamrishaji, na hilo ndilo jambo la kwanza la kufahamu katika kompyuta: kwamba ni mtumwa atendaye aliloambiwa, si mwerevu akujuaye haja yako.

Nao upungufu wetu mkubwa uko mbele kidogo, katika kufundisha utungaji wa programu. Programu ni masharti na marudio. Hayo si majina. Ni viunganishi, na Kiswahili kimejaa viunganishi vya namna hiyo, vilivyonolewa na wanasheria na wanazuoni kwa karne nyingi. Ikiwa salio ni dogo kuliko kiasi kinachotolewa, basi kataa muamala. La sivyo, ruhusu. Maadamu ipo hesabu isiyosomwa, soma inayofuata. Rudia mpaka daftari liishe. Tazama jinsi la sivyo lilivyo kamili, na jinsi maadamu isivyoacha mlango wa utata. Mwalimu akizieleza sentensi hizi kwanza ubaoni, ndipo aziandike kwa alama za Kiingereza ambazo mashine huzitaka, mwanafunzi atakuwa anatafsiri fikira iliyokwisha kukamilika. Sasa hutakiwa kuifikiri na kuitafsiri kwa wakati mmoja. Nimezitazama orodha za istilahi za kompyuta nilizo nazo rafuni. Nimekuta kanzidata na hifadhidata zikishindania chumba kimoja, nimekuta lahajedwali. Maadamu sikuikuta, wala la sivyo. Hatukuziandika kwa sababu tulizihesabu kuwa ni sarufi, na sarufi si istilahi.

Najua jibu la walimu na la wazazi. Mtihani ni wa Kiingereza. Benki huandika kwa Kiingereza. Mashine yenyewe yasema Kiingereza. Hayo ni kweli, na mzazi amtakiaye mwanawe kazi hawezi kulaumiwa. Lakini hoja hiyo yahusu lugha ya kujibia, si lugha ya kufahamia. Yule binti wa wakala alihitaji Kiingereza ili apate alama, na hakukipata kwa sababu alinyimwa kwanza njia ya kujua kwamba jambo analoulizwa ndilo alifanyalo nyumbani kila jioni. Kwa upande wa pili wako wapenzi wa Kiswahili wasemao kwamba tuyageuze yote mara moja na kuyatupa ya kigeni. Hao nawaomba wakae siku moja tu katika darasa la kidato cha pili, waeleze kwa Kiswahili chao uchakavu wa mali ya kudumu, kisha waniambie kama maneno yao yamekwisha kukomaa.

Pendekezo langu ni dogo. Orodha zijazo za biashara na kompyuta zipangwe kwa vitenzi, na kila kitenzi kifuatwe na sentensi mbili au tatu za kazi, pamoja na minyambuliko yake na mtendaji wake. Mahali pa debiti na krediti, daftari la kufundishia liandikwe inadaiwa upande wa kushoto na inadai upande wa kulia, mpaka mwanafunzi azoee. Kisha apewe majina ya Kiingereza, naye atayapokea kama alama za mkato.

Liko jambo moja ambalo bado hulisumbua pendekezo hili, nami sitalificha. Akaunti ya fedha inadaiwa, maana jioni itaulizwa. Akaunti ya mteja aliyekopa inadaiwa, ni dhahiri. Lakini akaunti ya kodi ya pango, ambayo nayo huandikwa kushoto, inadaiwa nini? Fedha zimekwenda kwa mwenye nyumba wala hazirudi. Mhasibu husema kwamba gharama imepokea thamani ya kukaa dukani mwezi mzima, na mwisho wa mwaka italipa deni lake katika hesabu ya faida na hasara. Jibu hilo ni sahihi, lakini katika Kiswahili lavuta neno kudaiwa mpaka karibu likatike, na nilipolitoa mbele ya wanafunzi wale niliona nyuso zikirudi kuwa kama zilivyokuwa wakati wa kukariri. Huenda gharama zahitaji kitenzi chao wenyewe. Nimefikiri kula, kwa kuwa twasema biashara imekula mtaji, lakini sijaridhika nalo. Wasomaji waliopata kulifundisha somo hili kwa Kiswahili, katika vyuo vya ufundi au katika vyama vya ushirika, wangetusaidia sana kama wangeandika jinsi walivyolieleza.